Mkoko hufa hatua kumi kutoka kwao: jinsi miti ya Hori ya Kilifi inavyoishi na maji ya chumvi

Ukishuka kutoka kwenye magofu ya Mnarani kuelekea kivuko cha zamani, pale feri ilipokuwa ikivusha watu na magari kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, unapita kati ya miti iliyoshinda shida mbili tofauti. Juu, karibu na msikiti wa kale na kaburi la mnara, kuna mibuyu. Shida ya mbuyu ni ukame. Mvua ikikatika hupukutisha majani, ukakaa uchi kwa miezi, kisha hutumia akiba ya maji iliyo kwenye shina lake laini kuchipua tena hata kabla mvua haijakolea. Chini, matopeni, kuna mikoko. Yenyewe haikosi maji. Maji huja mara mbili kwa siku, tena ya kuzamisha, ila hayanyweki.

Ibadilishe nafasi miti hiyo, yote itakufa. Hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba hata mikoko yenyewe ukiibadilisha nafasi, hatua kumi tu kwenda baharini au kurudi nchi kavu, mingi itakufa vilevile. Tunapozungumza juu ya viumbe kuyazoea mazingira yao, tunadhani kiumbe amekuwa hodari wa kuishi popote penye shida ya aina hiyo. Sivyo. Amekuwa hodari wa mahali pamoja, na katika hori yetu mahali hapo hupimwa kwa kimo cha maji.

Nalisema hili kwa sababu kupanda mikoko kumekuwa jambo la kawaida kwetu. Tangu serikali itangaze lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na kuifanya Novemba 13, 2023 siku ya mapumziko ya kupanda miti, haipiti miezi mingi bila kikundi cha akina mama, shule au kampuni fulani kushuka matopeni na magunia ya miche. Picha hupigwa, fulana huchafuka, watu hurudi nyumbani. Kinachofuata hakipigwi picha.

Mimi pia nimeishika miche hiyo. Tuliipanda kwa mistari mizuri kwenye tope lililokuwa wazi maji yalipokupwa, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akingoja maji yajae atoe mtumbwi wake, alitutazama kwa muda kisha akaniita.

"Mwanangu, hapo mnapopanda, umewahi kuona mti?"

"La, mzee. Ndiyo maana tunapanda."

Akacheka, akaendelea kufunga nyavu zake. Kusi ilipopita, palikuwa pamebaki vijiti tulivyowekea alama.

Bamvua na maji mafu

Ili kuelewa kicheko cha mzee yule, anza na maji. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, lakini si kwa kiasi kile kile. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya hupita mita 3. Siku za maji mafu, katikati ya hapo, tofauti hiyo hupungua sana. Kwa hiyo mahali palipo chini kidogo hufunikwa kila siku kwa saa nyingi, na mahali palipo juu kidogo huweza kukaa siku kadhaa bila kuguswa na bahari, kisha bamvua ikaja ikapafunika. Kwenye ufuo wenye mteremko mdogo, kati ya mahali hapo pawili huwa ni hatua chache tu.

Mti ulioota chini una shida ya kukosa pumzi. Mti ulioota juu una shida ya chumvi, na hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani chumvi kali iko karibu na bahari. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Huko juu, maji huja kwa nadra, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Bamvua nyingine ikaja, ikaongeza. Udongo wa nyuma ya mikoko unaweza kuwa na chumvi kali kuliko bahari yenyewe. Ndiyo maana kuna viwanja vile vyeupe, vitupu, ambavyo watoto huvifanya uwanja wa mpira. Na ndiyo maana kule Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, watu wametengeneza mabwawa ya kuvuna chumvi mahali pa aina hiyo hiyo.

Kenya ina aina 9 za miti ya mikoko. Hesabu ya mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko, wa mwaka 2017 hadi 2027, iliweka misitu hiyo kwenye hekta 61,271, zaidi ya nusu yake Lamu. Kaunti ya Kilifi ilipewa hekta 8,536. Jina "mikoko" tunalitumia kwa yote, lakini mkoko wenyewe ni mmoja, ule wa mizizi kama miguu ya buibui, ambao wanasayansi huuita Rhizophora mucronata. Mingine ni mchu, mlilana, mkandaa, muia ambao wenzetu wa Tanzania huuita msinzi, mkomafi wa aina mbili, kikandaa na msikundazi. Nitakaa zaidi na mitatu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi shida moja inavyoweza kujibiwa kwa njia tofauti.

Kupumua ndani ya tope

Chimba tope la mikoko kwa mkono. Chini kidogo tu ya uso wake ni jeusi, na linanuka yai viza. Harufu hiyo ni dalili kwamba humo hamna hewa. Mzizi wa mwembe au mnazi hupumua hewa iliyo kati ya chembe za udongo. Ukiutia kwenye tope hili utaoza.

Mkoko umeutoa mzizi wake nje. Ile miguu inayoshuka kutoka kwenye shina haikuwekwa kwa ajili ya kusimama peke yake, ingawa husaidia sana mawimbi yakipiga. Ngozi yake ina vitundu vidogo vidogo, na ndani mna nyama laini kama sifongo inayopitisha hewa hadi kwenye mizizi iliyozikwa. Maji yakijaa, vitundu haviingizi maji. Mzizi huendelea kutumia hewa iliyo ndani, ikapungua, na maji yanapokupwa hewa mpya huvutwa. Kwa hiyo mti hupumua pamoja na bahari, pumzi moja kwa kila kujaa na kupwa.

Hili lilijaribiwa. Mwaka 1955 Scholander na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya Florida, Marekani, kwenye mikoko iliyo ndugu wa huu wetu. Waliviziba vitundu vya mizizi ya juu kwa mafuta mazito. Katika siku mbili hivi, oksijeni kwenye mizizi iliyo ndani ya tope ilishuka kutoka asilimia 15 au zaidi hadi karibu na asilimia 2. Mti haukuguswa mahali pengine popote.

Sasa badala ya mafuta weka udongo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoteremsha udongo mwingi kutoka mashambani, sehemu kubwa ya mikoko ya hori ya Mwache, Mombasa, ilifukiwa mizizi ikafa. Mti uliokuwa umeweza chumvi, mawimbi na tope lisilo na hewa ulikufa kwa udongo wa shamba la mahindi, kwa sababu haukuwahi kuhitaji kujitayarisha kwa udongo unaokuja kwa ghafla kiasi hicho. Anayelima kwenye kingo za mito ya msimu inayoingia katika hori yetu ana uhusiano na mikoko, hata kama hajawahi kuiona.

Mchu umefanya vingine. Mizizi yake hutambaa chini ya tope kama kamba, na kutoka kwenye kamba hizo huchomoza vijiti vilivyosimama wima, vyembamba kama penseli, mamia kwa mamia kuzunguka mti mmoja. Mlilana nao hutoa vijiti hivyo, ila vyake ni vinene chini na vimechongoka juu kama koni. Muia hukunja mzizi kama goti. Mkomafi hutoa mizizi mipana kama utepe uliosimama kwa ubavu. Ukitembea humo bila viatu utaitambua miti kwa nyayo kabla hujainua macho.

Chumvi

Mkoko huizuia chumvi mlangoni. Ngozi za mizizi yake huchuja maji yanayoingia, na zaidi ya tisa kwa kumi ya chumvi hubaki nje. Kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu maji ya chumvi hayataki kuingia kwenye mti. Ni lazima yavutwe kwa nguvu kubwa na majani yaliyo juu.

Mchu pia huchuja, lakini huruhusu kiasi fulani kipite, kisha huitoa kupitia tezi ndogo zilizo kwenye majani. Asubuhi isiyo na mvua, pitisha ulimi kwenye jani la mchu. Ni chumvi ya kula kabisa. Jua likipanda utaiona ikimeremeta. Sijui mtoto wa pwani ambaye hakufanya hivyo, na kama yupo, mpelekeni.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Mabomba ya kupitisha maji ndani ya mbao za mchu ni membamba kuliko ya mkoko, tena ni mengi. Mti unapovuta maji yenye chumvi kali kwa nguvu, hatari ni kwamba utepe wa maji ndani ya bomba utakatika na kuingia hewa, kama mrija wa soda unapofyonza chupa iliyokwisha. Bomba jembamba hukatika kwa shida zaidi, na likikatika moja yapo mengine. Gharama yake ni kwamba maji hupita polepole, na mti hukua polepole. Mchu wa nyuma kabisa, kwenye udongo wa chumvi kali, mara nyingi haumpiti mtu urefu hata ukiwa mzee. Mchu wa mbele, unaooshwa na bahari kila siku, huwa mti mkubwa wa kukaliwa na ndege. Ni aina ile ile. Mgeni huapa kuwa ni miti miwili.

Watoto wanaoota mikononi mwa mama

Mbegu ya kawaida huanguka, ikangoja maji mazuri, ikaota. Mahali ambapo maji mazuri hayaji, kungoja ni kufa. Kwa hiyo mkoko, mkandaa na muia huotesha mbegu zao zikiwa bado mtini. Lile tunda la kijani linaloning'inia kama fimbo, ambalo watoto hulirusha kama mkuki, kwa kweli ni mche wenyewe, umeshatoka kwenye mbegu na unalishwa na mti mama. La mkoko hufika nusu mita na kuzidi. Likianguka maji yakiwa yamekupwa linaweza kujichoma kwenye tope papo hapo. Likianguka maji yamejaa huelea, likapelekwa, na baadaye upande wa mzizi ukawa mzito, likasimama wima majini likitafuta pa kugusa chini.

Mchu hutoa mbegu ndogo, bapa, kama kunde kubwa, ambayo imeshaanza kuota ndani ya ganda lake jembamba. Ganda huvuka likiloa. Mbegu za mlilana ni ndogo sana, na hazioti mtini. Maua ya mlilana hufunguka usiku na asubuhi nyuzi zake nyeupe zimetapakaa juu ya maji. Mbuyu nao hufungua maua yake usiku, na kwa mbuyu popo ndio wageni wakubwa. Huko Asia ya kusini-mashariki popo wameonekana wakiyahudumia maua ya milalana vilevile.

Tofauti hii ya watoto ndiyo imeamua kinachopandwa. Fimbo ya mkoko huokotwa, hushikwa, huchomekwa. Hata mtoto wa chekechea anaweza. Mbegu ya mlilana inahitaji kitalu, subira na mtu anayejua. Basi magunia yanayoteremshwa matopeni siku za sherehe hujaa mkoko, na kidogo mkandaa, bila kujali tope hilo ni la nani.

Nani anakaa wapi

Kwa kawaida ya mikoko ya Kenya, ukitoka baharini unakutana kwanza na mlilana, ukisimama kwenye tope laini linalofunikwa kila siku. Nyuma yake, au ukichanganyika nao, mkoko, hasa kando ya mifereji ya maji. Kisha muia na mkandaa. Halafu mchu ule mfupi, pamoja na kikandaa na mkomafi, mpaka kwenye ukingo wa nchi kavu. Mchu wenyewe huonekana pande zote mbili, mbele na nyuma, ukiruka katikati. Mpangilio huu hauko sawasawa kila mahali. Kwenye kingo zenye mwamba na mteremko mkali, kama sehemu nyingi za hori yetu, ukanda mzima hubanwa kuwa mstari mwembamba, na mti mmoja huwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Wanyama nao wamejipanga kwa kimo hicho hicho. Wapo wale samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa wanaorukaruka kwenye tope maji yakipwa, wakipumua kwa ngozi na kwa maji wanayobeba kwenye mashavu, mradi wasikauke. Wapo kaa wenye gando moja kubwa, madume wakilipunga mbele ya mashimo yao. Wapo tondo, ambao wakiwa wadogo hula tope na wakiwa wakubwa hula majani yaliyoanguka. Kinywa chenyewe hubadilika wakikua. Lakini wa kushangaza zaidi wako Mida, hapo jirani na Watamu, na wamechunguzwa kwa miaka na watafiti kutoka Italia pamoja na wenzao wa Kenya.

Mmoja ni konokono mwembamba, Cerithidea decollata, anayekaa kwenye mashina ya mchu. Maji yakipwa hushuka kula kwenye tope. Kabla maji hayajarudi, hupanda tena. Si kwamba anakimbia maji yaliyomgusa miguu; huanza kupanda mapema, maji yakiwa bado mbali, na hufika juu ya kimo ambacho maji yatafika. Uchunguzi ulionyesha kwamba ana saa ndani yake inayokwenda na bahari. Wa pili ni kaa mdogo wa miti, anayepanda mkoko hadi kwenye majani ya juu kula na kushuka tena kwenye mizizi, safari mbili kila siku, makundi kwa makundi kwenye shina moja.

Ukienda Mida pita juu ya daraja la mbao la watembea kwa miguu, usikanyage huko chini bila sababu. Tope lililo wazi mbele ya miti, lile tunaloliona kama shamba lisilolimwa, ndilo sahani ya ndege wanaokuja kila mwaka kutoka kaskazini. Si kila mahali pasipo na mti panahitaji mti.

Shoka

Babu zetu waliijua miti hii kwa ukubwa wa mbao kuliko kwa majani. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja ilikuwa na kipimo na bei. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi yakiwa yamebeba boriti kwenda Uarabuni na Ghuba, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani vilikuwa vyembamba, upana wa mita 2 na nusu hivi, kwa sababu huo ndio upana ambao boriti ya mkoko ingeweza kubeba dari la chokaa bila kupinda. Mti ulipanga mpaka mahali pa kuweka kitanda.

Jambo la shoka ninalotaka lijulikane zaidi ni hili. Mchu na mlilana ukikatwa huchipua kutoka kwenye kisiki. Mkoko mkubwa hauchipui. Macho ya kuchipulia yaliyo kwenye gome lake hufa mti unapokomaa, basi kisiki cha mkoko ni kisiki tu hadi kioze. Anayekata tawi la mchu kwa kuni anaweza kurudi baada ya miaka akakuta mti. Anayekata mkoko mmoja mnyoofu ameumaliza. Na mkoko ndio unaotakiwa na wajenzi kwa unyoofu wake. Misitu ya mikoko imekuwa hifadhi ya serikali tangu 1932, na kibali kinatakiwa, lakini kibali hakiwezi kukipa kisiki macho.

Kabla ya kuteremsha gunia

Nimerudi mara nyingi pale tulipopanda. Nikiwa na ninayoyajua sasa, najua kilichoua miche yetu kabla hata haijapandwa. Tulikuwa chini mno. Mche wa mkoko hauna bado miguu ya kupumulia. Una fimbo moja na majani mawili au manne. Ukifunikwa saa nyingi kila siku huishiwa pumzi. Mawimbi ya mashua huutikisa mzizi usishike. Na wale viumbe wa ganda gumu jeupe wanaoganda kwenye mitumbwi huganda pia kwenye fimbo, wakauelemea hadi ukalala.

Kwa hiyo nenda mahali hapo bila gunia kwanza. Nenda siku ya bamvua maji yamejaa, kisha siku ya maji mafu, uangalie maji yanafika wapi na yanakaa kwa muda gani. Tazama mti wa karibu ulioota wenyewe na uulize uko kwenye kimo gani. Ikiwa mche wako unataka kuuweka chini zaidi ya pale miti ya aina hiyo inapoota yenyewe, utakufa. Ikiwa juu, kwenye udongo mweupe wa chumvi, mkoko haufai, jaribu mchu.

Kama zamani palikuwa na miti na sasa hapana, tafuta kilichoiondoa. Mara nyingi ni barabara au ukuta wa kiwanja uliofunga mfereji, maji yakashindwa kuingia au kutoka. Fungua mfereji huo, na kama kuna miti mama karibu, bahari italeta fimbo na mbegu zenyewe na kuziweka kwenye kimo chake, aina kwa aina, bila mstari. Kazi hiyo haina picha nzuri. Inataka majembe, ruhusa ya Huduma ya Misitu, na mara nyingine ugomvi na mwenye kiwanja, ambaye huenda ana hati na ana wakili. Ukuta wa aina hiyo una ubaya mwingine: bahari inapanda, na mikoko ikihitaji kurudi nyuma haitakuta pa kwenda.

Na ikiwa baada ya hayo yote bado mahali panataka mkoko, usichume fimbo ya kijani kibichi kutoka mtini. Subiri ile iliyoonyesha pete ya manjano shingoni, mahali inapoungana na tunda. Hiyo imekomaa, na ukiigusa huachia yenyewe. Izamishe kwenye tope kiasi cha theluthi tu, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Tulipopanda sisi, wapo waliozichomeka juu chini.